Hyasinta na Maziwa ya Masaka

Mbulumbulu,
S.L.P. 14,
Karatu.
19 Aprili 1981

Mpendwa dada Cresensia,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji na watoto je, joto la Lindi halijawayeyusha? Sisi ni wazima. Mama anakohoa, ila anakohoa kwa nguvu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Maharage yamestawi. Ngano wameionja nyati walioshuka kutoka msituni, nao hawakuona kasoro.

Uliniuliza habari za Hyasinta wetu, binti wa baba mdogo, maana huko umefikiwa na uvumi kwamba alikuwa akijiuza Kampala. Nakuandikia niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

Utakumbuka aliondoka baada ya kumzika mumewe, akaaga kwamba anatafuta kazi Mwanza. Mwaka jana akarudi na begi moja, jino la mbele limevunjika. Shamba lake la kando ya korongo akalikuta linalimwa na Piusi, mdogo wa marehemu. Piusi hakulipora, alilikuta halina mtu, akalipenda. Alipoambiwa atoke, akagoma. Hyasinta hana shamba jingine, na bila hilo asingeweza kukaa hapa.

Basi wakaitwa mbele ya serikali ya kijiji. Hyasinta alipoingia tu, akawapigia wazee magoti. Dada, unajua kwetu mtu mzima hupiga magoti kanisani, au akiwa amekosa. Wazee wakaangaliana. Mwenyekiti, mzee Josephati, akamwuliza:

"Ulikuwa wapi miaka yote hiyo?"

"Uganda, mzee. Nilikuwa nauza maziwa Masaka."

"Maziwa gani hayo yasiyochacha miaka minne?" Piusi akadakia, watu wakacheka. "Na magoti si ameshapiga? Ameungama mwenyewe, mnangoja padri?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutamka kwamba shamba libaki kwa Piusi, ndipo Thomasi akasimama, yule aliyerudi kutoka vita vya Uganda na mguu mbovu.

"Mwenyekiti, huyu hajaungama, amewasalimu. Kule Masaka mwanamke akimwamkia mkubwa hupiga magoti. Nimewaona kwa macho yangu. Mtamnyang'anya mtu shamba kwa sababu ana adabu?"

"Na maziwa je?" Piusi akauliza.

"Askari wa kule walikuwa wakiyanywa," Thomasi akajibu, akakaa.

Mwenyekiti alifikiri kuliko kawaida yake, ambayo si kubwa. Akaamua kwamba kwa kuwa hakuna kosa lililokiriwa, shamba ni la mwenyewe. Piusi avune maharage yake, kisha atoke.

Jumapili tukawa kwenye pombe, mimi, Thomasi, na Piusi aliyenuna. Hapo Thomasi akatoa yaliyobaki. Anasema kabla jeshi letu halijaingia Masaka, Waganda waliokuwa wakiipiga vita serikali yao kwa siri waliwaletea Thomasi na wenzake mwanamke wa kuwaonyesha njia ya kuizunguka kambi ya askari wa kule. Miaka yote alikuwa akiingia humo na maziwa na kutoka na habari, hivyo kila mzinga alijua ulipo. Amejitanda khanga, anasema Kiganda kitupu. Mara akajikwaa, akaanguka, jino likavunjika, na tusi lililomtoka likawa la Kiiraqw chetu. Thomasi anasema nusura amwitikie.

Hyasinta alimwapisha asiseme, kwa sababu kazi ile ilimwachia maadui ambao hawakufa na vita. Thomasi kanyamaza miaka miwili, jambo ambalo kwa Thomasi ni muujiza. Piusi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Hata hivyo angeaga vizuri."

Sasa sikia la mwezi uliopita. Walikuja wanaume wawili na Landrova, Kiswahili chao si cha huku. Wanamtafuta mwanamke mrefu, ana pengo mbele, aliyekuwa akiuza maziwa Masaka. Wanamtakia nini, hawakusema. Na mtu wa kwanza kumsimamisha barabarani akawa Piusi, ambaye lile shamba bado linamuuma. Angenyoosha kidole tu, pengine lingerudi kwake. Mimi nilikuwa palepale nampakia punda magunia, nikaacha kufunga kamba.

"Mwanamke mrefu?" Piusi akasema. "Hao jaribuni Buger. Huku kwetu wote ni wafupi."

Hyasinta alikuwa anapalilia mbele ya macho yao, ameinama. Hakuinuka mpaka gari lilipopotea. Na barabara ya Buger wakati wa masika unaijua: walikwama siku mbili, wakavutwa na maksai, wakarudi Arusha. Piusi hajaligusia tena jambo hilo, wala lile la shamba.

Kwa hiyo wewe nawe ukiulizwa huko Lindi, huna ndugu mrefu.

Nisalimie shemeji Bartolomeo, Naeku na wadogo zake, na mama mkwe kama bado mnasemezana. Mama anakuombea, nami nasema amina. Mungu awalinde na homa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Emanueli