Ukuta Wetu na Kamba ya Fundi Cherehani

Karakana ya Jenereta,
S.L.P. 418.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na yale magoti yamekuachia? Sisi wazima, ila Mama halali, hata baada ya kukiondoa kitanda chake dirishani. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nianze na dukuduku langu. Wewe na Kaka mmeamua kwa simu nyumba iuzwe, na mimi ninayekaa na Mama nikasikia kwa dalali! Haya, mdogo hana sauti. Lakini Mama anayo: "Nimewazaa nyote humu. Sifukuzwi na malori."

Kweli barabara mpya imetuharibia. Dirishani kwake, mita kumi kutoka kwenye lami, kipima sauti kinasoma desibeli sabini na nne. Nikatumia hesabu ya jenereta, ile niliyojifunza mwenyewe kwa jasho: ukiongeza umbali maradufu, sauti inapungua desibeli sita. Nikaagiza matofali nimjengee chumba uwanjani, mita ishirini kutoka kwenye lami. Kupima pale: sabini na moja. Tatu tu! Nikakipiga makofi kipimo, wapi.

Mhandisi wa barabara, mteja wangu, alicheka mpaka akakalia tairi. "Ndugu yangu, jenereta ni nukta. Barabara ni mstari. Ukirudi nyuma, lori lililo mbele yako linafifia, lakini ya kulia na kushoto yanalisaidia kupiga kelele."

Basi, nikasema, matofali yawe ukuta mbele ya dirisha. Akatikisa kichwa: "Mstari hauzibwi kwa kiraka. Sauti itazunguka ncha zake." Kulia tuna ghala refu la mbao, linatukinga. Kushoto ni kiwanja cha Fundi Cherehani. Ukuta lazima upite mbele ya kiwanja chake chote.

Unajua hatusalimiani tangu jenereta zangu zianze kumtetemeshea mashine. Nilikwenda kichwa chini. Akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe mkuki mtamu kwa nguruwe tu! Mimi nilipolia na kelele zako uliniambia nizibe masikio kwa pamba. Pamba ninayo, nikukatie?"

Nikamwahidi kuhamishia majaribio ya jenereta nyuma ya ghala. "Hamisha kwanza," akasema, akarudi kushona. Nimehamisha. Mgongo hauna hamu na mimi.

Leo asubuhi mwashi alifunga kamba kwenye kona yetu, akaivuta hadi mpakani, akasita. Fundi Cherehani akatoka, pini mdomoni, akampokonya ile kamba bila salamu, akatembea nayo mpaka kona yake ya mwisho, akaifunga. Alipotoa pini alisema, "Mshono ukianza, unamalizwa."

Mhandisi anakadiria tutapunguza desibeli kumi. Masikioni ni kama nusu ya kelele. Kwa hiyo nakuomba: Kaka anakusikiliza wewe. Mwambie amsihi mnunuzi angoje ukuta usimame, nipime, Mama alale, ndipo tuamue. Na safari hii nami niwemo.

Msalimie Shemeji na mapacha, na Shangazi umwambie dawa yake imefika. Mungu awalinde, awape usingizi ambao bado tunautafuta hapa.

Tofali la kwanza halijawekwa, lakini Mama ameshakirudisha kitanda chake dirishani.

Wako akupendaye, hata usipopokea simu,
Mdogo wako wa mwisho