Kuifundisha Mashine Sauti ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Somo la tatu la kuandika programu limenishinda tena. Programu inagoma kwenye mstari uleule. Nimeusoma mpaka macho yanawasha. Kumbe tatizo ni nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari. Lugha gani hii inayogombana na mtu kwa sababu ya nafasi tupu?

Naandika chai ikichemka. Kisha Eastleigh, dukani, kupima vitambaa hadi jioni.

Mama amelala kitini tena, shingo imepinda. Kitanda cha Baba tumekileta sebuleni tangu kiharusi kimpige Novemba, na Mama hajarudi chumbani kwake. Anaogopa Baba ataita asimsikie. Akiita hatumwelewi hata hivyo. Maneno yanatoka yamevunjika, nusu yanabaki mdomoni. Huyu ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani bila maikrofoni.

Jumamosi, 8 Machi

Darasani Buruburu. Mwalimu Mwende ametuambia yatosha kunakili mazoezi yake, sasa kila mtu achague kitu chake cha kutengeneza kwa akili unde. Kevo anataka kutabiri matokeo ya mpira. Darasa zima likamshangilia.

Mimi nilisema nataka programu ya kumwelewa baba yangu. Hakuna aliyeshangilia. Nilijuta kidogo.

Mwende alinifuata wakati wa mapumziko. Ni mdogo kwangu lakini hana haraka na mtu. Akasema nianze na maneno machache ya nyumbani. Mashine haijui kitu mpaka ionyeshwe mifano, na mifano iwe mingi, ya sauti ya Baba mwenyewe, si yangu. Nimechagua maji, chai, choo, dawa, baridi, lala, ndio.

Jumapili, 9 Machi

Baba amekataa.

Nilimwekea simu karibu na mdomo nikamwambia aseme maji. Akanitazama tu. Nikamwambia tena, polepole. Akaipiga simu kwa mkono wa kushoto, ule mzima, ikaenda chini ya meza.

"Nekesa," Mama akasema, "baba yako si kitu cha kujaribia."

Nikaiokota simu. Maneno yake yanauma. Nilimsemesha kama mtoto wa nasari. Sema maji. Vizuri. Tena. Mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeanza upya. Nilikaa naye na kompyuta mapajani, nikamwonyesha jinsi sauti yangu inavyogeuzwa kuwa picha, madoa ya rangi kama kitenge kilichochujuka. Nikamwambia mashine inatazama haya madoa inakisia neno. Nikamwambia, Baba, si wewe unayefundishwa. Mashine ndiyo haijui kitu. Wewe ndiye mwalimu wake.

Alitazama madoa kwa muda mrefu. Baba hupenda kujua chombo kinafanyaje kazi. Kisha akagonga simu kwa kidole, kama anayesema, haya basi, washa.

"Ma-i."

Akarudia. Akarudia tena. Tulirekodi mpaka akachoka.

Nimefurahi sana. Sijafurahi hivi tangu Novemba.

Ijumaa, 14 Machi

Kila asubuhi tunarekodi kabla sijatoka. Baba hunisubiri amekaa, nywele Mama amezichana. Maji tumemaliza, chai tumemaliza. Dawa na lala zinanipa shida. Kwake yote mawili hutoka "a-a". Masikio yangu hayasikii tofauti kabisa. Naandika jina la rekodi kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aseme lipi.

Usiku nimeijaribu programu, imepata karibu kila neno. Sijaamini. Kesho namwonyesha Mwende.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu.

Mwende aliniuliza nimeipima kwa rekodi zipi. Nikasema hizi hizi. Akacheka, si kwa ubaya. "Umempa mwanafunzi mtihani ambao jana ulimpa majibu yake."

Tukachukua rekodi za leo asubuhi, ambazo programu haijawahi kuzisikia. Ikaanguka. Kila neno inasema maji. Choo, maji. Baridi, maji. Mwende akavaa vipokea sauti, akasikiliza, akakunja uso. "Hizi kelele ni za nini?"

Mafundi wa jua kali. Wako chini ya dirisha letu Kariobangi, wanagonga mabati kutwa. Mimi nimezoea, siwasikii tena. Rekodi karibu zote za maji tulizifanya wakigonga, kama hizi za leo. Mashine haikujifunza neno. Ilijifunza nyundo.

Nilitaka kulia pale darasani. Kevo akanisukumia biskuti zake. "Usijali, siz. Yangu imesema timu ambayo haichezi itashinda."

Jumapili, 16 Machi

Leo mafundi hawapo, ila kanisa la jirani lina spika kubwa kuliko kanisa lenyewe. Nikavuta blanketi zito, nikajifunika na Baba kichwa hadi magoti, simu katikati yetu. Giza. Joto. Harufu ya mafuta yake ya mgongo.

"Sema baridi," nikamwambia.

Baba alianza kucheka. Jasho linamtoka halafu naomba aseme baridi. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kifua kinaruka, nikashindwa kujizuia. Mama akainua pembe ya blanketi kuona tunafanya nini. Akaishusha, lakini nilimwona ametabasamu.

Nilikuwa nimesahau kicheko cha Baba kinafananaje.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbaya.

Jioni ndiyo saa ngumu. Giza likianza tu, Baba anasema "a-a", anarudia, sauti inapanda. Mama anamletea dawa. Anaitema. Mama anamsihi. Anapiga kitanda kwa ngumi. Kila siku hivyo, wiki nyingi sasa. Leo kikombe kimevunjika.

Baba Mdogo amepiga simu kutoka Bungoma. Anasema Baba aende akae kwake, huko kuna watu na nafasi, Mama apumzike. Atakuja kumchukua Jumapili.

Mama amekubali.

Nilimkuta akishusha begi kutoka juu ya kabati. Nikamwuliza anawezaje kufanya hivyo. Akakaa kitandani na begi mapajani. "Nimechoka, mwanangu. Kumwosha, kumlisha, hayo hayajanichosha. Kinachonimaliza ni kwamba ananiambia kitu na simwelewi. Miaka yote hii nimemwelewa."

Baba aliliona begi. Hajala chakula cha jioni.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeifundisha programu upya, kwa rekodi za kwenye blanketi peke yake. Nikaipima kwa haki. Inachanganya chai na choo, jambo ambalo nyumbani kwetu si dogo. Lakini dawa na lala inazitenganisha. Sijui inasikia nini ambacho mimi sisikii.

Jioni nikaweka simu, yenye programu hiyo sasa, kwenye mto. Baba akaanza. "A-a."

Simu ikaandika: lala.

"A-a." Lala.

Nikapiga kelele. Nikamwonyesha Mama. Si dawa! Hakuwahi kuomba dawa! Anataka kulala! Mama akashika mashavu. "Baba Nekesa, kumbe ulikuwa umechoka tu." Akamlaza haraka haraka, akamfunika hadi shingoni.

Baba akatikisa kichwa. Akatupa blanketi. Akalia. Si hasira. Machozi kabisa, yanaingia masikioni kwa sababu tulikuwa tumemlaza chali.

Mashine imekosea. Nimefunga kompyuta. Sitaki kuiona. Nimewapa tumaini la bure, na Jumapili zimebaki siku tatu tu.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimwandikia Mwende asubuhi kwamba naacha. Akanipigia wakati wa chakula cha mchana, niko dukani na kitambaa begani. Nikamweleza yote.

"Labda imesikia sawa," akasema. "Lakini inasikia neno tu, Nekesa. Haipo chumbani. Wewe ulikuwepo. Aliposema, alikuwa anaangalia wapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Hakuangalia kitanda. Hakuangalia mto, wala simu. Mteja aliniita mara mbili nisimsikie.

Jioni nilifika nyumbani mbio. Nikaketi mahali ninapoona macho yake. Giza likaanza kuingia. Mama akavuta kiti chake kando ya kitanda, akajifunika leso yake, akajikunja kama kawaida.

"A-a," Baba akasema.

Alikuwa anamwangalia yeye.

Mama akainuka kupanga mto. Nikamshika mkono. "Mama, ngoja." Nikainama. "Baba. Unataka Mama alale?"

Baba alifumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ndi-o."

Mama alisimama na mto mikononi. "Mimi?" akasema. "Baba Nekesa, siku zote hizi ulikuwa unaniambia mimi?"

"Ndi-o. A-a." Akaanza kuvuta blanketi kwa mkono wa kushoto, kulitoa miguuni mwake, kumsogezea. Lilikwama kwenye ukingo wa kitanda. Akaendelea kulivuta.

Mama alilia mpaka akakaa sakafuni. Kisha akapanda kitandani kwa Baba, pale kwenye nafasi ndogo ya pembeni, na viatu vyake vya plastiki miguuni. Nikavivua. Alilala kabla sijazima taa.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amempigia Baba Mdogo simu. Sikusikia maneno, ila nilisikia sauti yake ya zamani, ile ya mtu asiyerudia neno mara mbili. Begi limerudi juu ya kabati.

Tumekubaliana. Usiku mmoja wangu kitini, usiku mmoja Mama. Baba alisikiliza mpango wote akasema ndio kabla hatujamwuliza.

Darasani nilieleza kilichotokea. Sikucheza rekodi za Baba, hizo ni zake. Kevo aliuliza, sasa programu ilifaulu ama ilifeli? Mwende akanitazama nijibu. Nikasema ilifika nusu ya njia. Wiki ijayo naongeza maneno. Baba amechagua mwenyewe la kwanza, jina la Mama, si lile la Mama Nekesa, lake la usichana. Sikujua kama bado hulitumia.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu mchana. Mafundi hawapo, spika ya kanisa imenyamaza mapema. Mama amelala chumbani kwake, mlango wazi, tunasikia anavyokoroma taratibu.

Mimi na Baba tunatoa minji kwenye maganda. Ninapasua, naye anazisukuma kwa kidole gumba ziingie bakulini. Baadhi zinakimbilia chini ya kitanda. Nilitaka kumwambia tutaziokota baadaye.

Akaweka kidole mdomoni, akaelekeza macho mlangoni.

Nikanyamaza. Tukaendelea.