Mtungi Uliosoma 138

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi. Tarehe 14/03/2025, saa nne asubuhi.
Jina: Milembe Mboje. Umri: miaka 22. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkulima wa pamba. Makazi: Sapiwi.

Mnamo tarehe 11/03/2025 asubuhi nilimfikisha mwanangu Novatus, wa miezi minne, kwenye zahanati moja ya binafsi, Somanda. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta hewa. Nesi Scola alimpokea mikononi mwangu kabla sijaeleza lolote, akamwekea oksijeni ya mashine ya umeme. Akataka na mtungi mpya wa oksijeni usimamishwe kando ya kitanda, umeme ukikatika tusihangaike.

Alifungua mtungi kuujaribu. Mshale ukasimama kwenye 2000. Maana yake sikuijua, nilijua tu ni nyingi, roho ikatulia. Ila kile kipimo chenye mshale kilikuwa kinavujisha hewa pale kwenye kichupa chake cha maji. Akaitwa fundi Wilbroad, akakitoa, akafunga kingine. Mtungi haukubadilishwa, mimi nilikuwa nimekaa hapohapo. Walipofungua tena, mshale ukasoma 138.

Nilipiga kelele. "Mayu wane, mama yangu! Imeisha, mwanangu atavuta nini?"

Nesi akanishika bega. "Mayu, tulia. Kile kilikuwa kinahesabu kwa PSI, hiki kinahesabu kwa bar. Bar moja ni PSI kumi na nne na nusu. Gunia lako la mahindi ukilipima kwa debe unapata ngapi?"

"Sita."

"Na kwa kilo?"

"Linapita mia."

"Sasa mahindi yamepungua?"

Nikacheka, huku machozi yananitoka.

Jioni yake msimamizi wa zahanati, Ladislaus, alifungua mtungi akaona 138. Akasema ulipokelewa una 2000, kwa hiyo nesi amewauzia gesi wachomelea mageti. Nesi alieleza, hakusikilizwa. Alitolewa kazini palepale, na leo asubuhi nimesikia amekamatwa. Siku ile akiondoka aligeuka mlangoni, akaniambia, "Mnyonyeshe kila akiamka, mayu."

Fundi yuko Zagayu, simu yake haipatikani. Umeme haukukatika siku zote hizo, mtungi haukutumika. Mwanangu ameruhusiwa leo, anavuta hewa vizuri, nimekuja hapa naye bila kupita nyumbani.

Hapa kituoni Ladislaus amesema, "Huyu wa darasa la saba atatufundisha geji?" Nimemjibu, "Kaka, geji siijui. Ila siku ile sikuwa na kitu kingine cha kutazama."

Afande anayeniandikia amechukua simu yake mwenyewe, amegawa 2000 kwa 14.5. Imekuja 137.9. Amenionyesha. Nimeomba anionyeshe tena.

Kipimo cha kwanza fundi alikiweka kwenye ndoo ya bluu chini ya sinki. Kiletwe, kifungwe, kila mtu aone.

Niliyoyaona ni hayo, na popote nitakapoitwa nitayasema hivihivi.

Sahihi: M. Mboje

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Tulisimama mara mbili ili anyonyeshe. Kipimo cha kwanza kimekutwa kwenye ndoo aliyoitaja. Kimefungwa kwenye mtungi uleule mbele ya Ladislaus, kikasoma 2000. Kikafungwa cha pili, 138. Ladislaus ameomba virudiwe, vikarudiwa, kisha akaomba maji ya kunywa. Nesi Scola ameachiwa saa nane mchana. Ukurasa wa kwanza nimeunakili upya, kwa kuwa mtoto Novatus ameukojolea akiwa amepakatwa na nesi huyo.

WP Koplo Flora