Mwalimu, Nimewapandisha Kilima

Mwalimu Kamugisha,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine. Ni mimi Domina, yule uliyekuwa ukimwita "binti wa Muleba", uliyemfundisha uganga wa hospitali hapa chuoni kwetu Karagwe. Huu ni mwaka wa tano tangu tukulaze kwenye kibanja chako kule Ndama, kati ya migomba. Sijawahi kukuandikia. Niliogopa. Hata sasa naandika nikisimama kila mara, najishika mkono, nasikiliza mapigo, natazama saa. Nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Nimerudi chuoni, safari hii kama mwalimu. Na somo nililopewa ni lako, mazoezi ya mwili na afya. Mkuu wa chuo aliniambia akitabasamu, "Si wewe ndiye mwanafunzi wake?" Nikasema ndiyo, nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi.

Unakumbuka tulivyokucheka mwanzoni. Tulisema watu wa huku wanalima kutwa, wanabeba mikungu ya ndizi kichwani wakipanda na kushuka milima, sasa mganga atawaambia watembee waende wapi? Ukatuacha tumalize. Ukasema, "Mkulima hana haja na somo langu. Mwenye haja ni karani, ni mwenye duka, ni padri mwenye gari, na ni mimi." Ukafungua koti ukatuonyesha tumbo. Ukatuambia walikupima presha wakakuta imepanda, ndiyo maana pikipiki umeiacha nyumbani unakuja kwa miguu. Tangu hapo tulikuwa tukikuchungulia dirishani asubuhi, viatu vimejaa vumbi jekundu, leso mkononi, na hakuna aliyecheka tena.

Kuhusu siku uliyotutoka kuna jambo nililolificha.

Tulikuwa kumi na wanane. Tulihesabu mapigo yetu tukiwa tumeketi chini ya kilima, tukaandika kwenye madaftari, tukaanza kupanda ili tukahesabu tena juu. Wewe ulikuwa mbele. Kwenye mikaratusi ulisimama ukajifanya unatazama bonde. Mimi nilikuwa karibu yako. Ukasema kwa sauti ya chini, "Domina, kifua kinanibana kidogo. Usiwaambie wenzako, watasema mzee amechoka." Jasho lilikuwa linakutoka na uso umepauka. Maana yake niliijua. Wiki moja kabla ulikuwa umetufundisha wewe mwenyewe, ubaoni.

Nikakujibu, "Sawa, Mwalimu."

Tukapanda.

Hatukufika juu. Uliketi kwenye nyasi kama mtu anayepumzika, kisha ukalala ubavu. Nilikubonyeza kifua mpaka mikono ikafa ganzi, wenzangu wakanipokea, wengine wakakata miti wakatengeneza machela kwa makoti yao. Tulipokufikisha hospitali ulikuwa umeshatutoka.

Matangani watu walisema mazoezi ndiyo yaliyokuua. Sokoni wakasema hivyo hivyo. Mke wako, Mama Byera, alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakusema neno. Wote walikuwa wakinipa pole, wakinisifu kwa jinsi nilivyojitahidi, na kila pole ilinizidishia hofu.

Kwa hiyo somo lako nimelifundisha kwa chaki tu. Mihula minne, Mwalimu. Nilichora moyo, nilichora mishipa, niliwaambia wanafunzi kwamba kutembea kunashusha presha na sukari, lakini sikumtoa mtu nje ya mlango. Mwanafunzi mmoja, Method, aliniuliza swali ambalo hata wewe hukuwahi kuulizwa. Alisema, "Mwalimu, siku hizi mtu akikonda kidogo tu majirani wanasema ana ule ugonjwa mpya. Tutamwambiaje apunguze mwili?" Ulipotuacha ugonjwa huo ndiyo kwanza ulikuwa unasikika. Sasa kuna nyumba hapa ambazo milango imefungwa kabisa. Mwenye duka mmoja mwenye presha ameniambia waziwazi kwamba ni afadhali afe mnene. Nilifikiri juma zima wewe ungesema nini, kisha nikarudi darasani nikasema hatumtafutii mgonjwa wembamba, tunautafutia moyo wake nguvu. Method aliandika. Sijui kama ungeridhika.

Muhula huu mkuu akataka somo lifundishwe kwa vitendo kama zamani. Juma la kwanza nikasema nina homa. Juma la pili nikasema mvua. Juma la tatu sikuwa na la kusema.

Niliwapeleka Alhamisi iliyopita. Kilima kile kile, kwa sababu kingine kiko mbali. Kabla ya kuanza niliuliza kama kuna mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, anayechoka upesi kuliko wenzake, au aliyewahi kuvimba viungo utotoni. Hakuna aliyeinua mkono. Tukapanda. Mimi nilikaa nyuma, nikawa nahesabu visogo vyao.

Kwenye mikaratusi nikaona Adela ameachwa na wenzake. Ni binti wa kutoka Kimuli, wazazi wake walitoka Rwanda, wanaishi kwa vibarua vya shamba, na yeye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Alikuwa ameshika kiuno, midomo imegeuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Nikamuuliza hali. Akasema hajambo. Nikamshika mkono, mapigo yalikuwa yanakimbia bila mpango wowote. Akaninong'oneza, "Naomba usiwaambie, Mwalimu. Watanirudisha nyumbani."

Lile neno "sawa" lilinijia mdomoni lenyewe. Lilikuwa tayari kutoka. Nikauma meno, nikapaza sauti, "Kaeni chini wote. Hakuna anayepanda tena."

Nilipomsikiliza moyo kulikuwa na mvumo, damu inarudi mahali ambapo mlango wa moyo ulipaswa kufunga. Akalia. Akasema aliumwa viungo akiwa na miaka tisa, mama yake akamkanda kwa majani, akapona, hakujua homa ile huacha kovu moyoni, hakuona sababu ya kulitaja. Hapo nikawaeleza. Wanafunzi ishirini na wawili wameketi kwenye nyasi, nikasimama mbele yao nikasema habari yako yote, kwamba uliniambia nami nikanyamaza. Niliwaambia kutembea hakukukuua, ulikuwa unaumwa na tukaendelea kupanda. Method akavua koti akamfunika Adela mabegani, na tukashuka polepole.

Adela amelazwa. Daktari amemwanzishia dawa na ameandika barua aende hospitali kubwa Mwanza. Mkuu alitaka arudi kwao kabisa. Nilikaa ofisini kwake, sikuondoka, mpaka akakubali nafasi yake ibaki. Sijui itabaki mpaka lini, wala moyo wake utastahimili mpaka lini. Naogopa kila muuguzi anapokuja upande wangu.

Jumapili nilikwenda Ndama. Mama Byera alikuwa anaanika kahawa uani. Nilimwamkia, nikamweleza nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Aliendelea kutandaza buni kwa kiganja. Nilingoja anifukuze. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwezi mzima alikuwa akiamka ameshika kifua. Aliniambia nisimwambie mtu. Mimi nilikuwa mke wake, nikanyamaza. Wewe ulikuwa mtoto."

Mwalimu, kwa nini? Ulituachia sisi wawili mzigo ule ule, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Nilikukasirikia pale uani. Nilikukasirikia nikalia, naye akaniambia nikae nile. Tukala ndizi. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka nikapotelea kwenye kona.

Sasa nakuaga. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Alhamisi nina darasa lingine. Lakini nitawapeleka. Lililo jema katika somo lako ni kweli, na wagonjwa wanalihitaji. Ila nakuahidi hili: kabla ya kupanda, kila mwanafunzi ataingia chumbani kwangu peke yake, mlango ukiwa umefungwa, nitamsikiliza moyo na nitamuuliza mahali ambapo wenzake hawasikii. Na yeyote atakayeniomba ninyamaze nitamkatalia, awe mdogo wangu au mkubwa wangu. Hata angekuwa wewe.

Pumzika, Mwalimu.

Domina