Rupia ya Kipamkono

Dunda, Bagamoyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na hapo Pangani nyote hamjambo. Sisi tunamshukuru Mungu. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe Najma.

Ni habari ya ile rupia ya Mjerumani uliyonipa nimpe Shamsia kipamkono usiku wa harusi yetu, kama marehemu babu alivyompa bibi. Unakumbuka herufi zake zinavyoonekana mbilimbili. Nilisoma kwenye simu kwamba sarafu za namna hiyo watu wanazigombania. Tamaa ikaniingia, mama. Nikanunua rupia nyingine ya kawaida, na hiyo ndiyo niliyomwekea Shamsia mkononi. Yako nikaificha.

Juzi niliazima lenzi nikaikagua. Kwenye sarafu ya thamani, muhuri wenyewe wa kiwandani ulichongwa mara mbili, kwa hiyo herufi zote mbili husimama nene, na kwenye pembe zake huonekana zimepasuka. Kwenye yetu herufi ya pili ni bapa, imelala chini kama kizingiti, tena imeimega ya kwanza. Muhuri ulicheza tu wakati wa kugonga, na kosa hilo halina soko. Siku zote niliiona vingine kwa kuwa nilitaka iwe vingine; ukipenda chongo huita kengeza.

Kama ingeishia hapo ningenyamaza. Jana nilimpelekea Shamsia ile rupia yako, nikamwongopea kwamba zilichanganyika sandukuni. Akapitisha kidole kwenye herufi, kisha akaniambia kuwa siku ile ulipomsinga kwa manukato kabla ya harusi ulimnong'oneza kwamba rupia ya bibi ataijua kwa herufi zake mbilimbili. Kumbe alijua tangu siku niliyompa. Alidhani ni wewe uliyeghairi, kwamba ulipomtazama vizuri hukumwona anastahili. Ndiyo maana kila ukimwita Pangani ana udhuru, nawe ukanilalamikia kwamba mkaza mwanao ana kiburi, nami nikakuitikia. Naona haya hata kuandika.

Nilikiri kwamba ni mimi, nikamwomba radhi, nikataka kumwekea mkononi. Akafumba kiganja. Amesema kwangu haipokei. Akiipokea, itatoka mkononi mwako.

Kwa hiyo rupia imo humu kwenye bahasha, na Ijumaa anakuja huko. Anakuja peke yake, ndivyo alivyotaka.

Nisalimie wote. Uniombee, ukiweza.

Mwanao,
Sufiani