Msomi Aliyesema "Sijui" Kule Rudewa

Mjukuu wangu Idrisa, mume wangu,

Nakusihi, haya usimwonyeshe mtu, hasa baba yako. Ameshakuombea kazi hotelini Mikumi, na akijua ninakushawishi ubaki chuoni, sijui nitamtazamaje. Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, mpunga umeanza kuchanua.

Unauliza: maprofesa wakikuuliza usilolijua kuhusu utafiti wako wa ukungu wa mahindi, si bora uiache shahada mapema kuliko kuaibika? Hata mimi naogopa, Idrisa. Lakini nakumbuka nilipokuwa karani mdogo hapa Kilosa, nikatumwa kufuatana na mtafiti kijana hadi Rudewa. Alikuwa na dawa ya kuhifadhia mahindi. Mama mmoja mzee akamuuliza kwenye mkutano wa kijiji, "Itafaa kwenye ghala langu linalovuja?"

Nikainamia daftari langu kana kwamba nimeulizwa mimi. Kijana akajibu, "Hilo sijui, mama."

Watu wakaangua kicheko. "Msomi mzima hajui!"

"Mwacheni," yule mama akasema. "Aliyemtangulia alijua kila kitu, na mahindi yetu yakaoza. Wewe njoo, anza na ghala langu."

Sikupata kusikia kama alifaulu. Ninachojua, siku ile alipata pa kuanzia.

Simu yangu usiipige, baba yako ndiye huipokea. Mpigie jirani yetu Mama Zuhura baada ya alasiri, useme tu, "Mwambie bibi nimebaki." Nitakuwa uani kwake, nikijifanya napepeta mchele.