Ile P ya Kwenye Sanduku

Tensta, Stockholm
Novemba 2007

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Wewe je, miguu imepungua kuvimba? Rehema aliniambia mlirudi tena hospitali ya Muheza mkapewa dawa zile zile. Usiziache ukipata nafuu, nakujua. Nimemwomba huyo mdogo wangu akusomee barua hii taratibu, mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, maana haya si ya majirani. Kwenye simu nilishindwa. Nilianza, ukaniuliza habari za baridi, nikaishia kujibu za baridi.

Baridi ipo, na giza ndio kwanza linaanza. Kazi ni ile ile ya kuzunguka majumbani mwa wazee kule Vällingby, kuwaogesha na kuwapashia chakula. Mjukuu wako Daudi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nami namjibu Kiswahili, tunaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Mara nyingi nachoka mimi.

Mama, lile uliloniagiza siku naondoka sijalisahau. Uliniambia, "Ukifika Ulaya nitafutie baba yangu, nijue nimetoka katika dhambi gani." Nilikuja na vitu viwili tu. Kimoja ni maneno ya marehemu Bibi Sesilia aliyekulea: kwamba aliitwa kutoka milimani dada yake Monika alipokuwa anajifungua vibaya kule shamba la mkonge, akamuuliza mtoto ni wa nani, Monika akajibu "Padi", na hakuwahi kujibu swali jingine. Cha pili ni lile sanduku la bati unalowekea kanga, alilolikuta chumbani kwa dada yake, limeandikwa kwa rangi nyeupe P. HANRAHAN, na chini yake jina la kijiji na Clare, mkoa wa huko Ayalandi. Ile P sote tuliisoma Padri. Nani angeisoma vingine? Bibi Sesilia mzungu aliyemjua alikuwa padri, tena padri wa Kiairishi.

Basi nikatafuta padri. Niliandikia kila shirika la wamisionari nililopewa anwani yake. Wakanijibu kwa adabu kwamba hawajapata kuwa na padri wa jina hilo. Nikasema wanafichiana. Nikawachukia mpaka nikawa nikipita mbele ya kanisa nakaza shingo.

Sasa kuna mzee wangu mmoja Vällingby, Bi Brida, Mwairishi aliyeolewa na Mswidi zamani, leo mjane, ana ulimi wa upupu. Siku moja namkausha nywele, habari ikanitoka yote. Akacheka mpaka akakohoa. Nilikasirika, nikaweka taulo chini. Alipouona uso wangu akaacha kicheko, akaniomba nirudie neno alilolitamka Monika. Nikalirudia.

"Kwetu Padi si padri," akasema. "Padi ni Patriki. Kila nyumba ina Padi wake."

Nilivuta kiti nikakaa bila kualikwa.

Yeye ndiye aliyenielekeza niandike kwingine: kwa paroko wa kijiji kile, atazame kitabu cha ubatizo, na kwenye ofisi ya serikali ya vizazi na vifo. Majibu yamekuja. Kitabu cha kanisa kimeandikwa Kilatini, na kina Patricius Hanrahan wawili, mtu na binamu yake. Mmoja alikufa kichanga. Wa pili ndiye wetu. Huko mtu akifunga ndoa kanisani popote duniani, habari hurudishwa kijijini, ikaandikwa pembeni mwa jina lake la ubatizo. Pembeni mwa jina lake hapajaandikwa kitu. Karatasi ya serikali ya kifo inasema alikuwa fundi mitambo, hakuoa, na aliyeripoti kifo ni mtumishi wa hospitali. Paroko akaulizia kwa wazee, wakamkumbuka: alirudi kutoka Tanganyika na kifua kibovu, akaishi peke yake, nao wakimwita Padi wa Afrika.

Kwa hiyo wewe si mtoto wa padri. Walizaa bila ndoa, sawa, na hilo kijijini kwetu tukianza kuhesabu hatutamaliza leo. Lakini kule kuzomewa gulioni, na miaka yote uliyojinyima komunyo, ilikuwa ni kwa ajili ya neno lililosikiwa vibaya na mtu aliyekuwa analia.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, Mama, nimeumia. Alifariki mwaka ule uliomzaa Rehema. Ulikuwa mtu mzima, una watoto wawili, na barua ya kawaida ingemfika. Masista walipojitolea kukutafutia ulikataa, na sikulaumu, maana nani angetaka kumfumania padri? Kama alijua kuwa umezaliwa, sijui. Karatasi hazisemi, na Bi Brida amekataa kunitungia faraja. Huenda alijua akanyamaza. Nakuambia hivi usije ukamfanya malaika.

Msalimie mjomba Gaspari, umwambie koti lake nitalipata makoti yatakaposhuka bei. Msalimie mama mdogo na wale wanaomsaidia shambani, na jirani yetu anayekuchotea maji, Mungu amzidishie. Shemeji yangu, mume wa Rehema, mwambie asante kwa kukupeleka hospitali. Daudi anakuamkia, kwa Kiswahili safari hii, nilimsimamia.

Limebaki moja. Paroko ameniandikia tena. Anasema sasa amekumbuka: alikuwa padri kijana pale, na siku ya mazishi waliomzika ni yeye na mchimba kaburi tu, na desturi ya kwao, kama ya kwetu, ni kumpa mfiwa mkono, lakini mikono yao ilibaki hivyo hivyo kwa kukosa wa kumpa. Akauliza kama nimemjua ndugu yeyote. Nimemjibu kwamba mfiwa yupo, yuko Muheza, ila alikuwa hajapewa habari.

Pole kwa msiba, Mama.

Ni mimi mwanao,
Anjela